Mita ya manjano DT-830D kwa dashibodi ya lori kuukuu: inachokuonyesha na inachokuficha

Ulizia mita ya bei ya chini kwenye duka la vifaa vya umeme Mwanza mjini, aghalabu utapewa hiihii: kiboksi cha plastiki ya manjano kinachoenea kiganjani, kitasa cha kuzungusha katikati, kioo cha namba juu, na nyaya mbili za kupimia, mwekundu na mweusi. Imeandikwa DT-830D. Jina la kiwanda hubadilika toka boksi hadi boksi, na mara nyingine halipo kabisa. Ipo pia DT-830B inayofanana nayo kwa sura, ila hiyo haina kengele ya kupimia waya, kwa hiyo soma herufi ya mwisho kabla hujalipa.

Hapa tunaiangalia kwa kazi moja tu: kutafuta hitilafu za vitu vya dashibodi kwenye lori la zamani la volti 24. Yaani Fuso, Isuzu, Scania 113 na wenzao: redio, tundu la kiberiti, feni ya kabini, waipa, geji na taa zake. Kwa umeme wa nyumbani hatuisemei mema. Kitasa kimeandikwa hadi volti 1000, lakini nyaya zake nyembamba na plastiki yake hazikupi moyo wa kuigusisha kwenye umeme mkubwa.

Mwenye haraka asome hapa aende zake: inunue, lakini usiitumie peke yake. Dukani hapohapo, au duka la spea la jirani, chukua balbu ya indiketa ya volti 24 wati 21 na holda yake. Mita inakwambia volti zipo. Balbu inakwambia kama volti hizo zina nguvu ya kufanya kazi.

Kitasa kwanza

Kinachowafanya watu wadhani wameuziwa mita mbovu ni kitasa. Upande wa umeme wa betri kuna hatua tano: 200m, 2000m, 20, 200 na 1000. Aliyezoea gari dogo la volti 12 huweka 20, na akigusa betri za Fuso kioo kinatoa 1 peke yake upande wa kushoto. Maana yake kipimo kimezidi hatua uliyochagua, basi. Kwa lori weka 200. Utapata tarakimu moja tu baada ya nukta, na kwa kazi hii inatosha.

Anza na betri hata kama lalamiko ni redio. Pima betri zote mbili kwa pamoja, injini ikiwa imelala usiku kucha. Kati ya 25.2 na 25.6 zimejaa. Chini ya 24.2 zimebaki nusu au pungufu, na hapo usianze kufungua skrubu za dashibodi: redio inayojizima na waipa inayojivuta huenda hazina kosa. Washa injini, kanyaga mafuta kidogo, pima tena. Unataka 27.5 hadi 28.5. Ikiganda kwenye 24 na ushee, alternata haichaji. Kwenye nyingi za zamani balbu nyekundu ya chaji pale dashibodini ndiyo inayoiamsha alternata, kwa hiyo kama balbu hiyo haiwaki ukifungua funguo, badilisha balbu kabla hujamlaumu fundi wa alternata. Ikivuka 29, regyuleta, yaani kidhibiti cha volti za alternata, imekufa. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini balbu ndogo za geji zinaungua kila zikibadilishwa.

Mita inasoma 24, redio haiwaki

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Dereva anagusa nyuma ya redio, mita inasoma 24.1, anahitimisha kwamba redio imeungua, ananunua nyingine, nayo haiwaki.

Mita haijasema uongo. Ndani yake kuna ukinzani wa omu milioni 1 hivi, kwa hiyo inapopima volti 24 inavuta umeme mdogo mno, sehemu 24 za milioni ya ampea. Chukua soketi, yaani kiunganishi cha nyaya, iliyoota kutu ya kijani mpaka ukinzani wake ukafika omu 1000. Kwa umeme huo mdogo, kutu inakula volti 0.024 tu. Kioo cha mita hakiwezi hata kuionyesha. Kitasoma 24 kama kawaida. Sasa weka balbu ya wati 21 mahali hapohapo. Balbu inataka ampea 0.875, kutu haiwezi kupitisha kiasi hicho, volti zote zinabaki kwenye kutu, na balbu haitoi hata wekundu. Ndivyo ilivyo kwa redio: inaomba ampea, inapewa namba.

Kuna kutu ya kati, ambayo ni hatari zaidi kwa sababu kitu kinaendelea kufanya kazi kwa unyonge. Feni ya kabini inayovuta ampea 4 kupitia soketi yenye ukinzani wa omu 1.5 inapoteza volti 6 pale, na soketi inageuza wati 24 kuwa joto. Ni kama umefungia balbu ya indiketa inayowaka ndani ya kipande cha plastiki. Ukikuta soketi nyuma ya swichi ya feni imegeuka rangi ya chai ya maziwa na mdomo wake umelainika, umeshaipata. Kubadilisha swichi peke yake na kuacha soketi ni kumpa tajiri hasara mara mbili.

Ukanda huu wa ziwa unaharakisha mambo hayo. Unyevu wa asubuhi, viatu vilivyokanyaga maji ya barafu ya samaki vikapanda kabini, na vumbi la dagaa linalonasa kila mahali kwenye lori linalopakia Mwaloni Kirumba: vumbi hilo likinyonya unyevu, chumvi yake inapata njia ya kula shaba. Kisha utingo anaosha kabini kwa ndoo na kusukuma maji kwenye dashibodi ili lori lipendeze. Lori la Ukanda wa kati, kavu na vumbi jekundu, lina shida zake, lakini kutu ya kijani ndani ya soketi si kubwa hivi.

Kutengeneza taa ya kupimia ni kazi ya robo saa. Chukua holda ya balbu, unga nyaya mbili za milimita za mraba 1.5, kila mmoja mita moja na nusu. Mmoja uishie kwenye kibanio chenye meno cha kushika bodi, mwingine kwenye ncha ya chuma kama msumari mdogo uliofungwa tepu mpaka karibu na ncha. Usitoboe ganda la waya kwa ncha hiyo ili upime katikati. Tundu la sindano linatosha kuingiza unyevu, na miezi michache baadaye shaba ndani imekuwa unga. Ingiza ncha kwa nyuma ya soketi, mahali waya unapoingilia. Na onyo moja: wati 21 ni za nyaya za kizamani za swichi na balbu. Kama lori lina boksi la kompyuta la injini au la breki za ABS, usiguse nyaya zake kwa taa hii, utaunguza kilicho ghali kuliko dashibodi nzima. Huko tumia mita peke yake.

Tundu la kiberiti na redio vimekufa pamoja

Vitu viwili vikifa siku moja, tafuta vinachochangia: fyuzi, swichi ya funguo au ethi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia chuma cha bodi. Weka funguo kwenye ACC, hatua inayowasha redio injini ikiwa imezimwa. Bana taa kwenye chuma kisicho na rangi, ijaribu kwanza kwenye chanya ya uhakika ili ujue kibanio kimeshika, halafu gusa vichwa viwili vya chuma vinavyoonekana juu ya fyuzi ya kisasa bila kuichomoa. Ikiwaka pande zote, fyuzi nzima. Upande mmoja tu, imekatika. Isipowaka popote, umeme haufiki, rudi nyuma kwenye swichi ya funguo au relei ya ACC. Ni haraka kuliko kuchomoa fyuzi 20 na kuziangalia kwenye jua, na inakuonyesha pia ile fyuzi inayoonekana nzima ila miguu yake haishiki.

Scania na Benzi za zamani nyingi zina fyuzi za kauri zenye ncha kali pande mbili, zilizobanwa na vyuma viwili vya springi. Hizi hukatika mara chache kuliko zinavyopoteza mguso. Zizungushe kila moja kwa vidole; kitu kikifufuka, umepata jibu, lakini usiishie hapo. Toa fyuzi, sugua vyuma kwa msasa laini, vibane kidogo viingiane, rudisha fyuzi mpya.

Fyuzi ikiwa imekatika, usikimbilie kuweka nyingine. Na kwa hisani yako usiweke waya wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara. Waya mmoja mwembamba wa shaba unaweza kubeba ampea kadhaa zaidi ya fyuzi uliyoiondoa, na kinachofuata kuyeyuka ni nyaya zote zilizofungwa pamoja nyuma ya dashibodi. Rangi zipo kwa sababu hiyo: nyekundu 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukikuta ya kijani mahali kifuniko kinaposema 10, jua kuna mtu alikimbia tatizo kabla yako.

Badala ya fyuzi, weka balbu yako. Gusisha waya mmoja kila upande wa nafasi ya fyuzi, zima kila kitu kinachotumia njia hiyo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo hai sasa hivi, lakini balbu inazuia umeme usizidi ampea moja, kwa hiyo hakuna kinachoungua na una muda wa kutafuta. Chomoa redio. Bado inawaka? Chomoa nyuma ya tundu la kiberiti. Imezima? Tazama ndani ya tundu, sarafu na karatasi za pipi hupenda kulala humo. Ikiwa bado inawaka na vitu vyote vimechomolewa, tikisa fungu la nyaya kipande kwa kipande mkono mmoja huku jicho likiwa kwenye balbu. Pale inapopepesa ndipo pa kufungua tepu. Mara nyingi ni waya uliopita kwenye tundu la bati ambalo mpira wake ulishaanguka. Kwa shoti, balbu hii ya bei ndogo inaipita mita yoyote, ya bei yoyote.

Ethi

Mafundi husema ethi, wengine hasi ya bodi. Hitilafu yake ina tabia inayotambulika: unawasha taa kubwa, geji ya mafuta na ya joto zinapanda pamoja, unawasha indiketa, taa za dashibodi zinapepesa nayo, unapiga honi, redio inakatika. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi unapita kwa jirani. Geji mbili zisizohusiana zikikosea kwa pamoja, usinunue senda ya tangi, kile kipimo cha ndani ya tangi kinachoendesha geji.

Hapa mita inajilipia. Weka kitasa 20 kwanza kwa tahadhari, kisha 2000m. Washa vitu vyote vya kabini. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye bati la dashibodi. Inayosomeka ni volti zinazopotea njiani, kwa sehemu za elfu za volti moja. Chini ya 200 hakuna ugomvi. Ikipita 500, boliti fulani imelegea au imeota kutu. Sogeza waya mwekundu hatua kwa hatua: dashibodi, kuta za kabini, chesisi, nguzo ya betri yenyewe. Namba inapoanguka ghafla kati ya sehemu mbili, kasoro iko kati yao.

Kabini za malori haya zimekaa juu ya mipira, hazigusi chesisi kwa chuma. Njia ya kurudi ni mkanda wa shaba uliosukwa au waya mnene unaounganisha kabini na chesisi. Kabini ikishushwa kwa kazi ya injini, mkanda huo husahaulika sakafuni gereji, na lori linaondoka likirudisha umeme kupitia kebo za gia na spidomita. Urudishe. Kama haupo, funga waya wa milimita za mraba 10 au zaidi, sugua pande zote mpaka chuma king'ae, kaza kwa washa yenye meno, ndipo upake grisi juu. Grisi baada ya kukaza, si kabla.

Shingo ya kabini

Kitu kinachofanya kazi mjini na kufa ukifika makorongoni, halafu kinafufuka chenyewe, kichunguze pale nyaya zinapotoka chesisi kuingia kabini inayoinamishwa. Zimekunjwa na kunyooshwa kila injini ilipofunguliwa. Shaba hukatika ndani, ganda likabaki zima. Kengele ya mita italia na kukupa moyo bure, kwani hulia hata kwenye ukinzani wa makumi ya omu, achilia mbali nyuzi mbili za shaba zilizobaki. Tumia balbu, shika fungu, likunje huku na huku. Waya unaovutika kama mpira mahali pamoja umekatika ndani. Kata sehemu mbovu yote, unga kwa kipande kirefu kuliko ulichokata, choma risasi, vika mrija wa kusinyaa kwa joto. Kusokota na kufunga tepu nyeusi hakudumu. Joto la injini linayeyusha gundi.

Redio ya volti 12 kwenye betri moja

Hili linahitaji sentensi chache tu, kwa sababu mita inalithibitisha kwa dakika moja. Ukiunga redio kwenye betri moja kati ya mbili, hiyo inashuka, alternata inachaji zote kama kitu kimoja, ile nyingine inazidiwa na kuchemsha maji. Pima kila betri peke yake lori likiwa limelala. Moja 12.8 na nyingine 12.2 ni dalili tosha. Nunua kibadilisha volti cha 24 kwenda 12 cha ampea 10, pima kinachotoka redio ikiwa inaimba, si ikiwa imezimwa. Malori yanayosubiri kivuko Kisorya kwa saa nyingi, injini imezimwa na muziki juu, ndiyo yanayoua mapema betri iliyoungwa redio.

Udhaifu wa mita yenyewe

Betri yake ya volti 9 ikichoka, mita haizimi, inasoma juu. Betri za lori zenye 24.6 zinaonekana 27, nawe unasema alternata ni nzima. Kila mwanzo wa kazi ipime kwenye betri unayoijua, na ile inayokuja nayo boksini itoe mapema, ni dhaifu. Nyaya za kupimia hukatika pale zinapoingia kwenye mikono ya plastiki. Weka kitasa kwenye omu 200, gusanisha ncha, utaona kati ya 0.5 na 1. Zitikise. Namba ikirukaruka, tupa nyaya, mita bado nzima. Kioo hakina taa, kwa hiyo chini ya dashibodi utahitaji tochi ya kichwani. Na usipime omu kwenye waya wenye umeme: fyuzi ndogo ya kioo ndani itakatika ukiwa na bahati.

Kipimo cha mwisho ni betri inayokwisha usiku. Hamisha waya mwekundu kwenye tundu la 10A, kitasa kwenye 10A, toa kebo ya hasi ya betri, weka mita katikati ya kebo na nguzo. Funguo nje, milango imefungwa. Saa na kumbukumbu ya redio havistahili kuzidi sehemu chache za mia ya ampea, ukiona 0.30, chomoa fyuzi moja moja mpaka ianguke. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, na usizidishe sekunde 10, maana kwenye nyingi ya mita hizi tundu hilo halina fyuzi. Kwa kutafuta kwa muda mrefu, acha balbu ya wati 5 ikae mahali pa mita. Ukimaliza, kabla hujaiweka chini, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti. Ukibaki kwenye 10A, anayefuata kuazima mita na kugusa betri atakuwa ameunganisha chanya na hasi kwa kipande cha waya.